Nani Aanze Kuhudumiwa? Tusimwachie Nesi wa Zamu Swali Hili

Siku hizi ajali kubwa ikitokea, kabla hata mkuu wa mkoa hajatoa taarifa, video imeshazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Sura yake karibu ni ile ile: mapokezi ya hospitali yamefurika, majeruhi wamelazwa chini kwenye vitenge na mikeka, na nesi anampita mtu anayepiga kelele kwa maumivu, anakwenda kumwinamia mwingine aliyelala kimya. Anayerekodi anasikika akisema, "Oneni wenyewe, wanachagua wa kumtibu." Kufikia jioni watu wanataka nesi yule asimamishwe kazi, na mwanasiasa mmoja au wawili wameshaahidi kulifuatilia. Hasira ile naielewa, kwa sababu anayelia pale chini ni mtoto wa mtu. Lakini naamini tunaisoma vibaya picha tunayoiona. Nesi yule kweli anachagua, na alitakiwa achague. Kinachopaswa kutukasirisha ni kwamba tumemwacha achague peke yake, kwa kanuni ambazo wananchi wengi hawajawahi kuelezwa.

Hoja yangu ni hii. Maafa yanapozidi uwezo wa hospitali, kuamua nani aanze ni sehemu ya tiba, sawa na kufunga jeraha. Ila kanuni za uamuzi huo ni za jamii nzima, na zinatakiwa zijadiliwe mapema, hadharani, na watu ambao siku moja wao ndio watakaolazwa pale sakafuni. Kigoma tuna sababu nyingi za kulijali jambo hili kuliko mikoa mingi. Tuna ziwa na maboti yanayopakia abiria na magunia hadi ukingoni. Tumepakana na Burundi na Kongo, ambako vita vikilipuka watu huvuka usiku wakiwa na watoto mgongoni. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ipo tangu 1996. Na reli inayotuunganisha na Dar es Salaam kupitia Tabora ni ndefu zaidi ya kilomita 1,200, kwa hiyo behewa likianguka katikati ya pori, msaada mkubwa uko mbali na hospitali iliyo karibu haikujengwa kwa ajili ya behewa zima la majeruhi. Juni 2022 treni iliyotoka Kigoma kwenda Dar es Salaam ilianguka eneo la Malolo, Tabora. Watu 4 walikufa na 132 wakajeruhiwa. Majeruhi zaidi ya mia kwa mpigo ni idadi ya kuielemea hospitali yoyote ya mkoa hapa nchini, hata iwe na madaktari hodari namna gani.

Wahudumu wa afya wanaliita zoezi la kuwapanga wagonjwa triaji. Chimbuko lake linalotajwa sana ni Dominique Jean Larrey, daktari wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, aliyesisitiza kwamba askari aliyeumia vibaya zaidi atibiwe kwanza bila kuangalia cheo. Kwa wakati ule yalikuwa maneno mazito, maana ofisa mwenye mkwaruzo alizoea kutibiwa kabla ya askari wa kawaida aliyekatika mguu. Leo kazi hiyo inafanywa kwa rangi nne. Nyekundu ni yule atakayekufa muda si mrefu asiposaidiwa, lakini akisaidiwa ana nafasi nzuri ya kupona. Njano ameumia sana ila anaweza kusubiri. Kijani anatembea. Nyeusi ni aliyekwisha kufa, au ambaye majeraha yake yamezidi chochote kinachoweza kufanyika pale, kwa vifaa vilivyopo na kwa wingi wa watu wanaosubiri. Mhudumu aliyefundishwa hutumia dakika moja au pungufu kwa kila mtu: anapumua vipi, mapigo ya mkononi yanashikika, akiambiwa ainue mkono anainua? Kisha anasonga mbele. Hatua hiyo ya kusonga mbele ndiyo inayotuumiza tunapoitazama kwenye simu, na ndiyo inayookoa watu wengi.

Kelele hudanganya. Anayepiga kelele koo lake liko wazi na bado ana nguvu. Niliwahi kukaa kwenye benchi la kituo kimoja cha afya jioni ambayo Coaster ilikuwa imepinduka barabarani. Mama mmoja aliyevunjika mkono alikuwa analia kiasi kwamba wote tulimkimbilia yeye. Pembeni alikaa kijana ameegemea ukuta, shati halina hata tone la damu, aliomba maji mara moja tu akanyamaza. Tabibu alipoingia alimpita mama yule, akamshika kijana kifundo cha mkono, akambonyeza tumbo, akaita machela. Alikuwa anavuja damu kwa ndani. Ndugu wa yule mama walimtukana tabibu mpaka machela inatoka mlangoni.

Mfano ninaoutegemea zaidi, hata hivyo, hauhusu ajali. Ni wa mwaka 2015, na ulitokea hapa hapa kwetu. Baada ya kutangazwa kwamba Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi angegombea muhula wa tatu, Warundi kwa makumi ya maelfu waliikimbia nchi yao, na wengi wakaangukia Kagunga, kijiji cha mwambao chenye ziwa mbele na milima nyuma. Vyoo havikutosha hata kidogo, na maji ya kunywa yalikuwa ni yale yale ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Kufikia Mei 22, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilikuwa linazungumzia wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, viwili kati ya hivyo vya Watanzania, huku wagonjwa wapya 300 hadi 400 wakiongezeka kwa siku. MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilibeba kiasi cha watu 600 kwa safari kuwaleta Kigoma mjini, ambako Uwanja wa Lake Tanganyika uligeuzwa kituo cha kuwapokea. Kagunga hakuna gati la meli kama ile, hivyo watu walipelekwa kwa boti ndogo mpaka ilikosimama, kundi baada ya kundi.

Jiweke ufukweni pale. Boti ya kwanza imefika na nafasi ni chache. Ukimpandisha mgonjwa wa kipindupindu, unampa nafasi ya kufika penye matibabu bora, lakini atakaa saa kadhaa ndani ya meli iliyosongamana pamoja na watoto ambao bado wazima. Ukimwacha, unawalinda watoto wale na unamwachia yeye kijiji ambacho maji yake ndiyo yaliyomuua jirani yake jana. Ukiamua wazima waondoke kwanza ili msongamano upungue, umefanya jambo sahihi kwa watu elfu kadhaa na jambo zito mno kwa mama mmoja anayekutazama usoni. Hakuna jibu hapo ambalo mtu atalala nalo vizuri. Ninachojua ni kwamba uamuzi wa namna hiyo hauwezi kuachiwa yule tu aliyeshika kamba ya boti.

Ingia sasa ndani ya kambi ya matibabu. Vitanda vya kipindupindu ni vya turubai, vina tundu katikati na ndoo chini, na ndoo ile ndiyo kipimo: nesi anaangalia kilichotoka ili ajue cha kurudisha. Mtu mzima wa kilo 60 aliyekaushwa mpaka mapigo ya mkononi hayashikiki anahitaji mililita 100 kwa kila kilo yake, yaani lita 6, na zote ziingie ndani ya saa 3 hivi. Dripu tulizozizoea ni za nusu lita. Hizo ni dripu 12 kwa mgonjwa mmoja, kabla ya mchana kufika. Wagonjwa 20 wa aina hiyo wakiletwa asubuhi moja ni dripu 240, na zahanati ya kijijini haina stoo ya kutunza hata nusu yake. Palepale kuna wengine kumi ambao bado wanaweza kunywa, na ndugu zao wanataka dripu pia. Kwetu mgonjwa asiyetundikiwa dripu huonekana hajatibiwa, na kikombe cha ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, huchukuliwa kama dharau. Nesi akikataa, ana roho mbaya. Akikubali, amempa dripu mtu aliyekuwa anaweza kunywa, na baada ya saa moja ataletwa asiyeweza hata kuinua kichwa na hatakuwa na cha kumtundikia.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi walifurika mji wa mpakani wa Bangaon, India, na kipindupindu kikawafuata. Daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachukua uamuzi ambao wakati ule wenzake wengi hawakuuamini: alichanganya chumvi na glukosi kwenye maji, akayaweka kwenye madumu, akawafundisha ndugu wa wagonjwa kuwanywesha. Vifo, vilivyokuwa karibu asilimia 30, vilishuka hadi asilimia 3.6 kati ya wale waliohudumiwa pale. Tangu hapo dunia nzima imejua kwamba kipindupindu kikitibiwa mapema na vizuri hakipaswi kuua hata mgonjwa mmoja katika kila mia. Hapa ndipo ninapoona tunakosea tunapozungumzia maadili ya tiba wakati wa maafa. Tunapenda kumfikiria daktari aliyesimama kati ya wagonjwa wawili akiwa na dripu moja, tukauliza ampe nani. Hatuulizi kwa nini imebaki moja. Kama ugonjwa ni ule ule, msimu ni ule ule, mpaka ni ule ule, na madumu ya ORS hayakuandaliwa, basi swali lile liliamuliwa miezi mingi kabla na watu waliokaa kwenye viti, na nesi ameletewa matokeo yake tu.

Lakini sitaki kuivuta hoja hiyo kupita urefu wake. Maandalizi hupunguza machaguo magumu, hayayamalizi. Hata hospitali tajiri zilifika huko. Machi 2020 madaktari wa Italia walilazimika kuandika mwongozo wa nani apewe kitanda cha wagonjwa mahututi wakati Uviko-19 imewazidi, na Italia ina madaktari wengi kwa kila mtu kuliko sisi tunavyoweza kuota kwa sasa. Kwa hiyo kanuni tunazihitaji hata hivyo, na zinazopendekezwa ni nyingi.

Inayopendwa zaidi mtaani ni ya foleni: aliyetangulia ahudumiwe kwanza. Uzuri wake ni kwamba kila mtu anaielewa na haina upendeleo wa wazi. Kwenye duka la sukari inatosha. Kwenye ajali inageuka kuwa dhuluma, kwa sababu wanaofika kwanza hospitali ni walioumia kidogo. Wanatembea, wanapata bodaboda, wanabebwa na gari la kwanza lililopita. Aliyebanwa kwenye vyuma anafika wa mwisho. Ukifuata foleni utashona mikwaruzo saa mbili nzima, halafu utaletewa aliye hoi wakati chumba cha upasuaji kimejaa.

Wapo wanaosema watoto na kina mama watangulie. Hilo liko moyoni mwa kila mmoja wetu, na sioni ubaya likitumika pale ambapo wagonjwa wawili wako sawa kabisa kwa hali. Kulifanya liwe kanuni ya kwanza kunaleta shida, maana mtoto aliyeteguka kidole atampita baba anayekata roho, na baba yule ana watoto watano nyumbani.

Hoja nzito kuliko zote upande wa pili ni ya wale wanaosema mganga hana ruhusa ya kumwacha mtu. Ameapa. Uhai ni wa Mungu, na sisi hatujui nani atapona. Wangapi tumesikia wamekatiwa tamaa hospitali na leo wako shambani? Hoja hii naiheshimu, na sehemu yake moja naikubali kabisa: makadirio ya daktari si wahyi. Ndiyo maana triaji inayofanywa ipasavyo hurudiwa. Aliyepewa njano saa nne anakaguliwa tena saa tano, na aliyepewa nyeusi anatazamwa tena mara tu mzigo unapopungua. Na nyeusi haina maana ya kutupwa. Inamaanisha kuna mtu wa kumshika mkono, dawa ya maumivu, blanketi, pahala pa faragha, na kiongozi wa dini kama anamhitaji. Lakini sehemu ya pili ya hoja hiyo inaanguka penye hesabu. Daktari mmoja akikaa saa tatu juu ya mtu mmoja asiye na matumaini wakati nje wamelala wanne wa rangi nyekundu, hajakataa kuchagua. Amechagua, na waliopoteza ni wale wanne ambao hawakuwa mbele ya macho yake.

Kinachotokea pasipokuwa na kanuni tulikiona New Orleans, Marekani, mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipoizungusha hospitali moja kwa maji. Umeme ulikatika, joto likawa halivumiliki, na madaktari wakiwa na uchovu wa siku kadhaa walipanga wao wenyewe mpangilio wa kuwahamisha wagonjwa. Baadhi ya waliokuwa hoi zaidi, wakiwemo walioandika kwamba moyo ukisimama wasishtuliwe, waliwekwa wa mwisho. Maji yalipokauka ilipatikana miili 45. Mwaka 2006 daktari mmoja na manesi wawili walikamatwa kwa tuhuma za kuwachoma wagonjwa sindano za kuwaua. Mwaka 2007 baraza la wazee wa mahakama lilikataa kumfungulia daktari yule mashtaka. Mabishano hayajaisha hadi leo. Tukimwachia mtu mmoja uamuzi wa namna ile bila kanuni, tunamwachia pia kesi yake, na wafiwa wanabaki bila jibu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na inayosikika sana kwetu, ni ya wenyeji kwanza. Inasema dawa ni za kodi yetu, mkimbizi ana mashirika yake. Ndani yake kuna lalamiko la haki ambalo viongozi wamelipuuza mno: zipo nyakati ambapo mwanakijiji jirani na kambi aliona wakimbizi wanapata daktari na dawa bure wakati yeye anaambiwa akanunue panadol dukani. Hilo ni deni la kulipwa kwa kujenga zahanati vijijini. Kuligeuza liwe kanuni ya kupanga wagonjwa siku ya maafa ni kujichimbia kaburi. Vijidudu vya kipindupindu havijui mpaka. Kila Mrundi aliyetibiwa Kagunga alipunguza chanzo kimoja cha maji machafu kuelekea kwa mvuvi wa Kigoma. Na tuitazame pia kwa upande wa utu. Waha wa huku na Warundi wanaelewana bila mkalimani, wameoana, wanazikana. Nesi atasimamaje mlangoni akidai kitambulisho cha NIDA kwa mtoto ambaye macho yameshaingia ndani?

Kuna upendeleo mwingine unaofanya kazi kimya kimya kuliko huo, na mimi unanitisha zaidi. Hospitali zetu zinategemea ndugu. Ndugu ndiye anayesukuma machela, anayekimbilia glovu duka la dawa, anayetafuta wa kuchangia damu, anayekwenda polisi kufuata PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi, anayemkumbusha daktari kwamba baba hajaonwa tangu asubuhi. Siku za kawaida mfumo huo unasogea. Siku ya maafa, abiria wa treni aliyetoka Mpanda hana mtu Tabora. Mkimbizi aliyempoteza mkewe ziwani hana mtu Kigoma. Wawili wenye rangi nyekundu, mmoja akiwa na shemeji watatu wanaosimama mlangoni na mwingine akiwa hana hata jina lililoandikwa kwenye plasta, unajua nani ataingia kwanza. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ninayoitaka ni kwamba asiye na mtu apewe mtu: mhudumu mmoja wa jamii, au mwanafunzi wa uuguzi, au mjumbe wa Msalaba Mwekundu, ambaye kazi yake siku hiyo ni kuwa ndugu wa wasio na ndugu.

Inayofuata ni kumlinda anayepanga dhidi ya simu. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi hospitali ya serikali anaijua simu hiyo. Inatoka kwa mkubwa, au kwa anayejidai ametumwa na mkubwa, nayo inasema, "Huyo mgonjwa ni mtu wetu, mwangalieni." Anayefanya triaji hapaswi kuwa ndiye anayetibu, na hapaswi kuwa na simu mkononi. Cheo chake kiandikwe, kiheshimiwe, na atakayempigia kelele ajue anavunja utaratibu uliokubaliwa na kamati ambayo mkubwa yule pengine naye ni mjumbe.

Kuhusu wahudumu wenyewe niseme kwa kifupi. Homa ya virusi vya Marburg ilipoingia Kagera mwaka 2023 iliua watu 6 kati ya wagonjwa 9, na kati ya waliokufa alikuwemo mhudumu wa afya. Mwaka 2025 ikarudi mkoa huo huo na kuua wote 10 waliohesabiwa. Kagera ni jirani zetu. Wanaosema nesi ana wajibu wa kuingia wodini hata bila glovu, kwa kuwa alijua kazi aliyoichagua, wanadai wajibu wa upande mmoja. Anayetakiwa kuhatarisha maisha anastahili kinga kabla, matibabu akiugua, na fidia kwa familia akifa. Vikikosekana hivyo, atakayerudi nyuma mlangoni simwiti mwoga.

Wengine watanijibu kwamba serikali imeshajenga. Ni kweli. Fedha za Uviko-19 za mwaka 2021, shilingi trilioni 1.3, zilijenga pia majengo ya huduma za dharura na vyumba vya wagonjwa mahututi katika hospitali nyingi nchini, na tofauti inaonekana. Lakini jengo huongeza vitanda, haliandiki kanuni. Vitanda sita vipya vikipokea watu sitini, swali limebaki pale pale.

Mahali pa kulijibu tayari tunapo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Ninachoomba ni kwamba kamati ya mkoa wa Kigoma, na ile ya Tabora, ziliweke swali hili mezani kama zinavyoweka maturubai na unga: nani anapanga wagonjwa, kwa vigezo gani, nani anamwangalia asiye na mtu, malalamiko yanapelekwa wapi, na baada ya tukio nani anakaa na wafiwa kuwaeleza ukweli. Wakae na mashekhe, maaskofu, wachungaji, viongozi wa wavuvi wa Kibirizi, wawakilishi wa wakimbizi, na wagonjwa wenyewe. Kisha yasomwe redioni kwa Kiswahili na kwa Kiha mpaka bibi wa Katonga ajue rangi nne ni nini, na ajue kwamba kikombe cha ORS ni dawa kamili.

Nimeshaambiwa kwamba hilo litazua hofu, kwamba mwananchi akijua kuna rangi nyeusi ataacha kwenda hospitali. Sidhani. Mwananchi tayari anajua kwamba watu huchaguliwa. Kwenye video anaona kwa macho yake. Asichokijua ni kigezo, ndipo anapojaza mwenyewe: rushwa, kabila, dini, kujuana. Kanuni iliyofichwa haiwezi kukosolewa na haiwezi kurekebishwa, na nesi anayeifuata hawezi kujitetea kwayo.

Litabaki jambo moja ambalo kikao hicho kitalibishania, na ni vizuri kibishane. Wawili wana hali sawa kabisa, umri unalingana, mtungi wa oksijeni ni mmoja. Wapo watakaosema apewe aliyetangulia, na hapo, penye usawa wa kweli, foleni ina haki yake. Wapo watakaosema apewe mhudumu wa afya kwa kuwa akipona ataokoa wengine, hoja ambayo naiona ina nguvu kwenye mlipuko wa miezi kadhaa na haina maana kwenye ajali ya usiku mmoja. Mimi nasema ipigwe kura ya bahati, kama kurusha shilingi, mbele ya shahidi, na iandikwe kwenye daftari saa ngapi na nani aliipiga. Kuna watakaoniona nimegeuza uhai kuwa bahati nasibu. Waje na pendekezo lao kikaoni, kabla mvua za Novemba hazijaanza.